Kona Mbili Zisizo na Alama

Sääreküla, 9 Desemba 2012

Kwako mke mwenzangu Kersti,

Barua yako imefika pamoja na kile kifurushi cha mikate ya mdalasini. Ilikuwa imekauka kama matofali, lakini babu yako aliichovya kwenye kahawa akaimaliza, mimi nikaachiwa makombo. Tunaendelea. Goti langu linanikumbusha kila hewa inapobadilika, na masikio ndiyo hayo unayoyajua. Juzi jirani yetu Valdek alinipa simu yake ili nikusikie, nikasikia mngurumo tu kama wa mashine ya kusaga. Kwa hiyo usiache kuniandikia, hata wenzako hapo kiwandani wakikucheka.

Mume wetu hajambo. Siku hizi ananiomba nimsomee gazeti, anasema sauti yangu ni nzuri. Tumekaa pamoja miaka hamsini na hakuwahi kuisifu.

Ziwa limeanza kuganda. Pale bandarini barafu ina unene wa vidole vinne, na askari wa mpaka bado hawajaruhusu watu kuikanyaga. Babu yako anashinda dirishani na kile kidude cha GPS cha kuonyesha njia ulichomletea Januari iliyopita. Anakiwasha, anakizima. Jana akaniambia, "Maimu, humu ndani mna njia yangu yote, kuanzia bandarini hadi karibu na mpaka wa Urusi." Nikamwambia kama mna njia yote, basi kiende chenyewe kikavue. Hakucheka.

Ulisema utakuja Januari mwende wote kama Januari iliyopita. Je, bado?

Bibi yako,
Maimu

*

Turku, 18 Desemba 2012

Bibi yangu mpendwa,

Nimefurahi mikate imefika, hata kama ni matofali. Mimi nina afya, ila mikono imepasuka kwa unga na joto la tanuri. Wenzangu wawili wameacha kazi, na msimamizi amenipangia zamu za ziada hadi mwisho wa Januari. Nitakuja Februari, wiki ya pili. Najua babu atanuna. Mwambie nitamletea glavu mpya.

Bibi, nina ombi, na tafadhali msomee polepole. Asiende barafuni kwa kufuata kile kifaa kabla sijafika. Kuna kitu nataka kukirekebisha humo ndani. Ni kitu kidogo, dakika kumi tu, lakini lazima nikifanye mwenyewe, na ni lazima tuwe palepale ziwani. Akitaka kuvua, avue karibu na bandari.

Na macho yake yakoje? Januari iliyopita tulipokuwa tunakwenda, nilimwonyesha Rasi ya Matete, akaniambia anaiona. Lakini alikuwa anatazama kwingine.

Wako,
Kersti

*

Sääreküla, 10 Januari 2013

Kersti mjukuu wangu,

Krismasi ilipita kimya. Nilipika soseji za damu na kabichi chachu, tukala wawili, na sahani yako tukaiweka mezani kama kawaida. Mke wa Valdek, Piret, amejifungua mtoto wa kike. Paka wetu amepotea siku tatu akarudi bila ncha ya sikio.

Nilimsomea maneno yako. Amesema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie mke wangu mdogo kwamba mimi nilikuwa nakanyaga barafu ile kabla mama yake hajazaliwa. Na mwambie asante kwa glavu." Askari wamewafungulia wavuvi ziwa tangu Jumatatu. Amekwenda mara mbili na pikipiki yake ya theluji, hapo karibu tu, akaleta sangara wenye mistari kiasi cha kujaza kikaango. Sijui kama atakusubiri. Anasema kifaa kinajua njia.

Uliniuliza kuhusu macho. Ana miaka sabini na nne. Ulitaka aone nini?

Njoo Februari. Vaa vizuri, huku ni baridi ya kukata.

Maimu

*

Turku, 12 Februari 2013

Bibi,

Nimefika salama. Leo ni siku ya kumi na tano tangu nilipokuacha pale kwenye kituo cha basi, na nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini. Unakula? Piret aliniahidi atakuwa anakuletea supu. Usimrudishe mlangoni.

Bado naiona ile wiki. Wazamiaji wanaingia na kutoka kwenye lile shimo mbele ya mlango wa mto, pikipiki inavutwa juu kwa kamba, imejaa matope na maji, nasi tumesimama ufukweni tukingoja watuambie wamempata babu. Wakatuambia maji ya mto yamempeleka chini ya barafu na kwamba tusubiri hadi barafu iyeyuke. Jinsi yule mzee wa wazamiaji alivyokushika mkono akasema "Aprili, mama, au Mei," sitasahau.

Kijiji kizima wanasema theluji ilikuwa nzito siku ile, mzee akapotea. Huenda. Lakini naomba uniambie ile Jumamosi asubuhi ilikuwaje. Hatukuwahi kukaa peke yetu nikakuuliza. Alikwambia anakwenda wapi? Alikuwa amewasha kifaa? Alikuwa anafuata mshale wake, au alikuwa anakwenda kwa akili yake? Na kifaa kiko wapi sasa?

Nijibu hata mistari mitatu.

Kersti

*

Sääreküla, 24 Februari 2013

Kersti,

Ninakula. Supu ya Piret ina chumvi nyingi lakini naila. Paa la sauna limevuja, Valdek amepanda kulitengeneza. Mchungaji alikuja, tukanywa kahawa, akaniuliza kama nataka ibada ifanyike bila mwili. Nikamwambia hapana, nitamsubiri Endel wangu. Nimeshazoea kumsubiri.

Ile asubuhi nilikuwa nimelala. Nilipoamka alikuwa ameshaondoka. Sina zaidi.

Kifaa kilikuwa kimefungwa kwenye usukani wa pikipiki. Valdek alikikausha juu ya jiko, na kinafanya kazi kama hakikuguswa na maji. Amezitoa zile alama sita zote za sehemu za samaki akaziingiza kwenye ramani ya simu yake. Aliniomba ruhusa kwanza, nikampa. Unajua yeye ni mtu wa mashambani, amelijua ziwa hili baada ya kumwoa Piret, na miaka yote alikuwa akimbembeleza babu yako amwonyeshe sehemu zake. Sasa kila Jumamosi anawapeleka kuvua wageni kutoka mjini Tartu. Pale mlango wa mto askari wameweka nguzo nyekundu, kwa hiyo wanazunguka. Baada ya hapo wanafuata mstari wa babu yako. Hadi sasa wamefika alama ya tatu, na anasema wiki ijayo, samaki wakianza kusogea, atawapeleka hadi ya sita.

Nimefurahi kwa hilo. Njia ya babu yako haikuzama naye.

Maimu

*

Turku, 2 Machi 2013

Bibi,

Barua yako nimeikuta leo Jumamosi saa nne, natoka zamu. Nimeisoma nimesimama na koti mwilini. Kabla ya kukaa chini nimempigia Valdek, na sasa nakuandikia wewe, kwa sababu utayasikia kwake na sitaki uyasikie kwake peke yake.

Alipopokea alikuwa bandarini. Nikamuuliza, "Uko wapi?"

"Napakia keekee ya kutobolea barafu. Nina wageni wanne, leo tunakwenda mpaka mwisho."

"Usiende, Valdek. Usivuke alama ya tatu."

"Kwa nini? Hali ya hewa safi kabisa. Naona hadi Urusi."

"Kati ya tatu na nne kuna mwamba. Maji yanazunguka pale, na ikifika Machi barafu inakuwa nyembamba. Babu alikuwa anauzungukia mbali, upande wa kaskazini."

"Kersti, kwenye simu hapa mstari umenyooka."

"Umenyooka kwa sababu mimi sikuweka ile kona."

Halafu akaniuliza, taratibu, "Na ile ya mlango wa mto?"

Nikamwambia hata ile sikuiweka.

Sasa nakwambia na wewe. Mwaka jana tulipokwenda na babu, mimi nilikaa nyuma yake na kifaa mkononi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kila tunaposimama kuvua, na kila tunapokata kona, nibonyeze kuweka alama. Ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Ili kubonyeza ilibidi nivue glavu. Penye samaki nilibonyeza, mara zote sita, maana tulikuwa tumesimama na babu alikuwa ananitazama. Kwenye kona ya Rasi ya Matete, ile ya kuukwepa mlango wa mto, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikasema nitaweka tukirudi. Kwenye mwamba nikasema hivyohivyo. Tulipokuwa tunarudi niliuficha uso mgongoni kwake njia nzima.

Kile kifaa hakijui barafu, bibi. Kinajua alama tu, na kati ya alama na alama kinachora mstari ulionyooka. Kutoka ya kwanza hadi ya pili mstari ule unapita mbele ya mlango wa mto, ambako barafu ni nyembamba.

Jioni ile nilimwambia nimeruka kona mbili. Akasema, "Rasi naiona kwa macho, na mwamba naujua. Weka chai." Nikaweka chai. Ndiyo maana niliomba anisubiri, na hata kwenye barua sikuwa na ujasiri wa kusema ni kwa nini. Niliita kitu kidogo. Nilikuwa naona aibu kwamba nimeshindwa kuvua glavu.

Valdek amewarudisha wageni. Sijui sasa kijiji kitasema nini. Waache waseme.

Kersti

*

Sääreküla, 14 Machi 2013

Kersti,

Jumapili Valdek na mwenzake walikwenda kwa miguu hadi kwenye ule mwamba, wamejifunga kamba, na mtaimbo mkononi. Mtaimbo ulitoboa barafu kwa pigo la pili. Wamepanda vijiti pale na kitambaa chekundu. Piret alikuja kwangu na mtoto, akalia mezani kwangu, akaniambia nikushukuru.

Wengine hawasemi hivyo. Dukani watu wananyamaza nikiingia.

Kwa sasa usiniandikie.

Maimu

*

Turku, 7 Aprili 2013

Bibi,

Ulisema nisiandike, na nimekaa wiki tatu. Hii si barua ya kujitetea. Nataka tu kujua kama una kuni, na kama goti limepata nafuu. Nilipiga simu kwa Piret, amesema unatoka kila asubuhi kwenda ufukweni kutazama barafu na kwamba umekonda.

Nimeacha kupika chochote nyumbani. Nakula mikate ya kazini. Nikisinzia kwenye basi naona mstari mweusi kwenye kioo cha kile kifaa, umenyooka.

Kama hutaki kuniona tena, niambie kwa maneno yako mwenyewe. Nitayapokea. Ninachoshindwa ni huu ukimya wako.

Kersti

*

Sääreküla, 12 Mei 2013

Kersti mwanangu,

Wamempata. Jana asubuhi, watu wa nyavu, ndani ya matete ya ile rasi. Hata kilomita moja kutoka nyumbani haifiki. Valdek atakupigia simu kabla barua hii haijafika kwako, atakwambia mazishi ni Jumamosi tarehe kumi na nane. Ninayoandika hapa yeye hayajui.

Nilikwambia nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala.

Babu yako alikuwa haoni, Kersti. Masika ya mwaka jana tulikwenda kwa daktari wa macho, tukakwambia tumekwenda kununua mbegu. Daktari alisema katikati ya macho yote mawili pameshakufa, pembeni ndiko kumebaki kidogo, na asiendeshe kitu chochote. Kwenye basi la kurudi akaniambia, "Ukimwambia Kersti, atakuja auze pikipiki, nami nitakaa jikoni mpaka nife." Nikamwapia sitasema. Ule mshale wa kifaa alikuwa anautazama kwa pembe ya jicho, kichwa ameinamisha kama kuku. Rasi ya Matete hakuwa anaiona. Hata mimi mezani hakuwa ananiona, alikuwa anageukia sauti.

Kwa hiyo ulipouliza juu ya macho yake, nilikujibu vile. Nilijua unachouliza.

Sasa ile Jumamosi. Tangu vuli alikuwa nyumbani kutwa kucha. Ananifuata jikoni, anagonga masufuria, anamwaga maziwa, anauliza saa ngapi, baada ya dakika tano anauliza tena. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kumchokea mtu anayempenda. Asubuhi ile alivaa, akafungua mlango, akarudi. Akasema, "Maimu, theluji inaanguka. Sioni hata ghala. Labda nikae leo."

Nami nikamwambia, "Nenda bwana. Kifaa kinajua njia."

Akasimama kidogo. Akasema, "Haya," akaenda. Nilimsikia akiiwasha pikipiki, maana hiyo naisikia. Nikakaa, nikanywa kahawa ya moto yote hadi mwisho bila mtu kuniita. Nilifurahi, Kersti. Hiyo kahawa niliifurahia.

Barua yako ya Machi ilipofika niliisoma, na unajua nilihisi nini? Nafuu. Nikasema moyoni, kumbe ni yeye. Watu dukani wakasema ni mjukuu, mimi nikanunua sukari yangu nikatoka. Nilikwambia usiniandikie ili usije ukaniuliza tena kuhusu ile asubuhi. Sikukukasirikia hata siku moja. Nilikuacha uubebe mzigo huu peke yako miezi miwili kwa sababu kwangu ulikuwa umepungua, na nilijua unakuelemea, maana Piret aliniambia jinsi unavyolia kwenye simu.

Jana walipomleta nilimtambua kwa ile fulana niliyomfuma. Nikataka kumwambia, nikakuta watu wamejaa. Ndipo nikaona nianze na wewe.

Ukija, njoo. Usipokuja, nitaelewa, na nitawaambia watu mimi mwenyewe ni kwa nini.

Bibi yako,
Maimu

*

Ndani ya meli, 17 Mei 2013

Bibi,

Barua hii posta haitaiwahisha, kwa hiyo nitakupa mkononi leo jioni. Nimeona niandike kwa sababu ili unisikie lazima nipaze sauti, na haya sitaki kuyasema kwa kelele mbele ya watu wa msibani.

Barua yako nimeisoma juzi, nikaisoma jana, na leo nimeisoma humu melini mpaka mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Mara ya kwanza nilitaka nisije. Nilihesabu: siku sitini na mbili tangu uliponiambia nisiandike. Kila siku moja kati ya hizo niliamka nikijua nimemuua babu yangu kwa ajili ya glavu, na wewe ulikuwa na nusu ya jambo hilo umeifungia ndani.

Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Sidhani hata mimi nimejisamehe, na sijui kama barua yako imenipunguzia au imeniongezea.

Leo nitalala kwa Piret. Usiwaze vibaya, nahitaji usiku mmoja. Kesho asubuhi nitakuja nikuvalishe, najua huwezi kufunga vifungo vya lile gauni jeusi kwa vidole vyako.

Ile kahawa, bibi, sikulaumu kwa ile kahawa. Nilitaka ulijue hilo kabla hatujafika kaburini. Nimekulaumu kwa mengine.

Valdek ameniuliza nani watabeba jeneza. Wamepata wanaume watano. Nimemwambia wa sita ni mimi. Akasema kijiji kitashangaa, nikamwambia kimeshashangaa. Nitakuwa nyuma, upande wa kulia. Bega moja litakuwa na babu, na mkono wa upande wa pili utakuwa huru. Tembea upande huo. Ukiona unaweza, ushike.

Kersti